Medali haikuandikwa, cheo kikapita: askari wa Opala alalamike wapi?

Tuchukue mfano wa ajida mmoja, mtoto wa Opala. Hana jina, kwa sababu ni mfano tu. Lakini familia nyingi za kambi ya Ketele, za Lubunga na za vijiji vya kandokando ya mto Lomami zitamtambua mara moja, kana kwamba ni kaka au baba wa nyumbani.

Ajida huyu amefanya miaka mingi ndani ya jeshi. Amepigana mashariki. Siku moja, kisha mapigano makali, mkubwa wa batayo yake alimwita mbele ya gwaride, akamsifu mbele ya wenzake, akamvika medali kifuani. Wakapigwa picha. Karatasi ikasomwa kwa sauti kubwa, kisha sekretari akaiweka ndani ya mkoba wake. Miezi michache mbele batayo ikahamishwa, mkubwa akapewa kazi mahali pengine, na sekretari naye akaenda na mkoba wake. Ajida akabaki na medali na picha.

Miaka ikapita. Siku orodha ya waliopandishwa vyeo ilipofika, alitafuta jina lake mara mbili, mara tatu. Halikuwemo. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika bunduki wamepita mbele yake. Akaenda kuuliza kwa mkubwa anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi wa jeshi.

«Ajida, tumeangalia dosie yako. Hakuna medali humo.»

«Lakini iko hapa kifuani, afande.»

«Kifuani siyo ndani ya dosie.»

Jibu hilo ni la kweli kwa upande wa karatasi. Kwa upande wa haki, ni kosa. Hayo ndiyo tunayotaka kuzungumza leo na wasomaji wetu wa Tshopo na wa mashariki yote: askari aliyekosa cheo juu ya medali ambayo haikuandikwa, anaweza kufanya nini? Na inchi inayomwomba afe kwa ajili yake, inapaswa kumfanyia nini?

Cheo siyo nyota za mapambo

Kuna watu watasema: hiyo ni kiburi tu, askari afanye kazi, cheo kitakuja siku yake. Wanaosema hivyo hawajaishi kambini.

Ndani ya jeshi kila kitu kinafuata cheo. Mshahara unafuata cheo. Nyumba kambini, ikipatikana, inafuata cheo. Siku ya kupumzishwa, mafao ya uzeeni yanahesabiwa kwa cheo. Na askari akianguka vitani, kile mjane na watoto wake wanachoweza kudai kinahesabiwa kwa cheo alichokufa nacho. Kwa hiyo karatasi moja iliyopotea ndani ya mkoba wa sekretari inaweza kumfuata mtu maisha yake yote, na kisha kifo chake ikawafuata watoto wake mpaka Opala, kwenye ada ya masomo na kwenye sufuria ya pondu.

Tena kuna heshima. Askari anayeona wadogo zake wakipita mbele yake, na anajua kwamba hawakufanya kazi kumpita, anaanza kuuliza maswali usiku. Je, hii kazi ina macho? Je, anayekimbia na anayebaki kupigana wanahesabiwa sawasawa? Jeshi ambalo askari wake wanajiuliza maswali kama hayo limekwisha kupoteza nusu ya vita kabla adui hajafyatua risasi.

Karatasi zinapotelea wapi?

Tuseme ukweli: jeshi letu halikuzaliwa na dosie moja. FARDC imetoka katika makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya mpito ya 2003. Waliunganishwa ndani yake askari wa serikali, wa MLC, wa makundi ya RCD, wa Mai-Mai, na wazee waliobaki wa jeshi la Mobutu. Kila kundi lilikuja na vyeo vyake, na wengi walikuja bila karatasi yoyote. Mtu alikuwa majoro kwa sababu kiongozi wake porini alimwita majoro. Mwingine alikuwa na brive ya kweli, lakini iliungua pamoja na nyumba yake.

Kisha hapo zikaja hesabu nyingi. Ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, uliofanya kazi hapa kwetu toka 2005 mpaka 2016, ulisaidia kuhesabu askari kwa alama za vidole, kuwapa karte, na kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri za vita, ili mkubwa wa kikosi asishike tena franga za askari wake mkononi. Kazi hiyo ilipunguza askari wa uongo kwenye orodha. Ilionyesha pia kwamba, tukitaka, kuandika kunawezekana. Lakini karte inasema wewe ni nani na matrikule yako ni ipi. Mambo uliyofanya vitani yanakaa ndani ya dosie, na dosie inategemea mtu anayeijaza.

Hapo ndipo Opala inapoingia. Opala ni mojawapo ya wilaya 7 za Tshopo. Makao yake yako kando ya Lomami, ule mto unaoingia katika mto Congo kule Isangi. Ukitoka Kisangani, unavuka mto mpaka Lubunga, halafu unajaribu barabara ambayo kila mkaaji wa Tshopo anaijua kwa matope yake. Ama unapanda baleniere, unashuka mpaka Isangi, halafu unapanda Lomami. Karatasi inayotakiwa kutoka kwenye kikosi kilicho mbali, kupita jimbo la 31 la kijeshi mjini Kisangani, na kufika makao makuu Kinshasa, ina nafasi nyingi za kulala njiani. Na askari aliyewekwa Opala, ao familia yake iliyobaki kule, haina njia rahisi ya kwenda kuuliza karatasi imelala wapi.

Wazee wanasema: mali bila daftari huisha bila habari. Ushujaa nao ni mali. Bila daftari, unaisha bila habari.

Tumekwisha kulipa bei ya vyeo

Wasomaji vijana labda hawajui, lakini inchi hii ilianza kuvunjika juu ya swali la vyeo, siku 5 tu kisha uhuru.

Mwaka 1960, Force Publique ilikuwa na askari karibu 25 000. Maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Cheo cha juu kabisa ambacho Mkongomani aliweza kufikia kilikuwa kile kile cha mtu wetu wa mfano: ajida. Tarehe 5 Julai 1960, jenerali Janssens aliwakusanya askari kule Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba mbele ya uhuru na kisha uhuru ni sawasawa. Maana yake ilieleweka na kila mtu: msitumainie vyeo. Usiku ule ule askari wa kambi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, wakaasi. Lumumba alimwondoa Janssens, akatangaza kila askari apande cheo kimoja. Tarehe 8 Julai jeshi likabadilishwa jina kuwa ANC, Victor Lundula akawekwa kuwa mkubwa wake, na Mobutu akawa mkubwa wa eta-majori. Lakini moto ulikuwa umekwisha kushika, na tunajua ulifika wapi.

Somo la kwanza la siku zile: ukifunga mlango wa kupanda kwa haki, watu watautoboa ukuta. Somo la pili ni hili, na linasahauliwa: kumpandisha kila mtu cheo kimoja kwa siku moja hakukuponya kitu. Vyeo vya jumla havimtambui aliyestahili. Askari aliyefanya kazi anataka kazi yake ionekane, siyo zawadi ya kumnyamazisha.

Na tukirudi nyuma zaidi, watu wetu wamezoea kungoja. Wakongomani wa Force Publique waliingia Tabora Septemba 1916. Walikuwa Ethiopia Julai 1941, Waitaliani walipoweka silaha chini kule Saïo. Wengine walipelekwa mpaka Burma. Mmoja wao, Albert Kunyuku, alivikwa medali na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100. Tulifurahi siku ile, na ilifaa kufurahi. Lakini kwa mtu mmoja aliyeishi mpaka miaka 100 na kuonekana, ni wangapi waliozikwa vijijini, hata huku Tshopo, bila mtu kuandika mahali popote walichofanya? Mjukuu wa Opala asingojee miaka 77 kama wale wazee.

Njia ya pori isiwe fupi kuliko njia ya kazi

Hapa mashariki tuna jeraha lingine, na lazima litajwe. Kwa miaka mingi, njia ya haraka ya kupata cheo imekuwa kuingia porini na bunduki, kuua, kisha kutoka kwa mazungumzo. Makubaliano ya 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP yalileta wapiganaji na maofisa wao ndani ya FARDC. Mwaka 2012 sehemu yao wakatoka tena, wakaunda M23 kwa jina la tarehe ile ile, na kutambuliwa kwa vyeo kulikuwa kati ya malalamiko yao.

Jiweke mahali pa ajida wetu. Yeye hakutoka. Alishika zamu, alilala ndani ya mvua, alivikwa medali. Dosie yake inaambiwa haina kitu. Halafu anaona mtu aliyempiga risasi jana anajadiliana na wakubwa juu ya nyota ngapi apewe. Nani atamlaumu akiuliza kama alichagua upande mbaya? Toka 2021, kupitia mpango wa P-DDRCS, serikali inasema wanaoweka silaha chini warudishwe katika maisha ya raia, wasipewe vyeo vya jeshi kama malipo. Ni neno zuri. Lakini litasimama tu kama upande wa pili nao unatimizwa: yule aliyebaki ndani ya jeshi aone kwamba uaminifu wake unaandikwa.

Wakaaji wa Kisangani hawahitaji kufundishwa juu ya gharama ya bunduki zisizo na utaratibu. Wameona vita vya siku 6 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana katikati ya mji wetu. Wameona Mei 2002. Jeshi la taifa lenye utaratibu, linalopandisha watu wake kwa haki, ni ukuta wetu sisi raia kwanza.

Sheria inasema nini

Habari njema ni kwamba askari hayuko bila sheria. Habari mbaya ni kwamba wengi hawajaambiwa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 189, inataka watu wa jeshi na kazi za uongozi ndani yake vifuate vipimo vya wazi: afya ya mwili, masomo ya kutosha, mwenendo mwema, na majimbo yote yawakilishwe kwa usawa. Kifungu cha 84 kinampa Rais wa Jamhuri uwezo wa kutoa vyeo vya heshima vya taifa na medali, kufuatana na sheria. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi lake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mtu asiadhibiwe kwa sababu ameandika. Na kifungu cha 155 kinalipa Baraza la Serikali, lile tunaloita Conseil d'État, kazi ya kuhukumu maamuzi ya mamlaka kuu yanayovunja sheria.

Juu ya hiyo kuna sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013, inayopanga haki na wajibu wa askari wa FARDC. Kila askari anayeweza kuipata aisome, ao amwombe anayejua Kifaransa vizuri amsomee. Wengi wanabeba bunduki miaka 15 bila kuona ukurasa hata mmoja wa sheria inayowaongoza.

Kwa hiyo ajida wetu afanye nini kwa vitendo?

Kwanza, atenganishe mambo mawili. Kuna medali iliyotiwa sahihi lakini haikuwekwa ndani ya dosie. Na kuna sifa iliyosemwa kwa mdomo tu, bila sahihi ya mtu yeyote. Ile ya kwanza inasahihishwa kwa kutafuta karatasi. Ya pili ni ngumu zaidi: lazima mkubwa wa wakati ule aandike leo, na kusema kwa nini hakuandika jana. Kama ni medali ya taifa, iliyotolewa kwa amri ya Rais, Chancellerie ya vyeo vya heshima vya taifa kule Kinshasa ndiyo ya kuulizwa ushahidi.

Pili, aandike peke yake, na afuate ngazi. Hili tunalikazia. Asikusanye wenzake, asipige kelele redioni, asitume sauti kwenye simu za watu. Malalamiko ya kikundi ndani ya jeshi yanaonwa haraka kuwa uasi, na mtu aliyekuwa na haki anajikuta mbele ya oditora ya kijeshi kama mshitakiwa. Tena oditora na mahakama za kijeshi kazi yao ni makosa na uhalifu. Hawapangi vyeo. Mlango wa kwanza ni mkubwa wake mwenyewe, halafu mkubwa wa jimbo la kijeshi, halafu makao makuu na waziri wa ulinzi. Ukaguzi mkuu wa jeshi nao upo, na kazi yake ni kuangalia mambo yanayokwenda kombo.

Tatu, barua iwe fupi na ijae vitu: matrikule, kikosi alichokuwemo wakati ule, mahali na tarehe ya kuvikwa, jina la aliyetia sahihi, namba ya uamuzi kama ipo, majina ya mashahidi waliokuwa kwenye gwaride. Picha iambatanishwe. Kopi tu ndizo zitolewe, karatasi zenyewe zibaki nyumbani. Na anapoitoa barua, aombe sahihi ya mapokezi pamoja na tarehe. Bila sahihi hiyo, miezi 3 haina pa kuanzia, na kama siku moja atalazimika kwenda mbele ya Conseil d'État, ataulizwa kwanza: uliwaandikia wakubwa lini? Mbele ya hapo pia saa inakwenda, kwa sababu malalamiko ya sheria yana muda. Anayengoja miaka anajifungia mlango mwenyewe.

Nne, aombe mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza: medali iandikwe ndani ya dosie. La pili: dosie iangaliwe tena kama ingalivyokuwa siku ile orodha ilipotengenezwa. Asiandike «nipeni cheo». Medali peke yake haimpandishi mtu. Kuna miaka ya kazi, kuna alama za wakubwa, kuna masomo, kuna nafasi zilizo wazi. Inawezekana waangalie tena na bado wengine wawe mbele yake. Akiambiwa hivyo kwa maandishi na kwa sababu zinazoeleweka, atakuwa ametendewa haki. Kinachouma ni kushindwa mashindano ambayo jina lako halikusomwa vizuri.

Wanaopinga wana sehemu ya kweli

Kuna wakubwa wa jeshi watakaosoma haya na kukunja uso. Watasema: tuko vitani, hatuna wakati wa kusoma barua za kila ajida. Watasema pia: mkifungua mlango huu, kesho kila mtu ataleta medali aliyonunua sokoni na mashahidi watatu wa kulipwa.

Hoja ya pili ni ya kweli. Inchi hii ina vyeti vya uongo vya kila aina, na medali haziwezi kukosa. Lakini dawa ya medali ya uongo ni daftari la kweli. Mahali ambapo kila medali ina namba, tarehe na sahihi ndani ya kitabu kinachoweza kufunguliwa, mwongo anajulikana kwa dakika 5. Mahali ambapo hakuna kitabu, mwongo na shujaa wanasimama sawasawa mlangoni, na mara nyingi mwongo ndiye mwenye maneno mazuri na mwenye franga za kumtilia mtu mkononi. Kukataa kusahihisha dosie hakuzuii ufisadi. Kunaulisha.

Kwa hoja ya vita, tunajibu hivi: ni wakati wa vita hasa ndipo ushujaa unaonekana, na ndipo karatasi zinapotea. Ukingoja amani ili kuandika, mashahidi watakuwa wamekufa.

Na wengine wanafanyaje? Tuchukue Marekani, jeshi kubwa lenye karatasi nyingi kuliko letu. Hata kule medali zinakosa kuandikwa. Kwa sheria iliyoanza 1946, waliweka mabaraza ya raia, siyo ya maofisa, yenye uwezo wa kusahihisha dosie ya askari. Askari ana miaka 3 toka siku aliyogundua kosa, na baraza linaweza kumsamehe akichelewa kama haki inadai hivyo. Ofisa aliyekosa cheo kwa sababu dosie yake ilikuwa na kasoro anaweza kuangaliwa upya na kamati maalumu, kana kwamba dosie ilikuwa sawa siku ile ya kwanza.

Tena kule, tarehe 12 Julai 1973, moto uliunguza nyumba ya kutunzia dosie mjini St. Louis. Ziliharibika dosie kati ya milioni 16 na milioni 18. Je, waliwaambia wazee wa vita «dosie yenu imeungua, nendeni»? Hapana. Walianza kuzijenga upya kwa orodha za mishahara, karatasi za hospitali na ripoti nyingine zilizobaki. Sisi pia tuna orodha za mishahara. Tuna ripoti za operesheni. Tuna ujumbe wa redio uliotumwa kutoka vikosini. Tuna watu walio hai waliosimama kwenye gwaride. Kinachokosekana ni ofisi inayopaswa kuviweka pamoja.

Tunaomba nini

Gazeti hili linaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa inje.

La kwanza: kila medali na kila barua ya sifa inayotolewa kikosini iandikwe siku ile ile katika nakala tatu. Moja kwa askari mwenyewe, moja kwa dosie yake, moja kwa jimbo la kijeshi. Askari asiondoke kwenye gwaride na medali bila karatasi. Mkubwa anayemvika mtu medali bila kumpa karatasi amempa kipande cha chuma.

La pili: kabla ya kutengeneza orodha ya vyeo, kila askari aonyeshwe kilichoandikwa ndani ya dosie yake na atie sahihi kwamba ameona. Timu ya watu wawili ao watatu kutoka Kisangani inaweza kwenda Opala, Yahuma, Bafwasende na Banalia mara moja kwa mwaka, na kusahihisha papo hapo kile kinachosahihishika. Tunatuma timu vijijini kwa chanjo na kwa kuandikisha wapiga kura. Tunaweza kutuma kwa dosie za walinzi wetu.

La tatu: iwekwe kamati ya kusahihisha dosie, yenye maofisa lakini pia yenye mahakimu na raia, ambayo inapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya miezi 3 ile ya katiba. Wajane nao wawe na haki ya kufika mbele yake kwa jina la marehemu. Wabunge wetu wa Tshopo, ambao wakati wa uchaguzi wanajua vizuri njia ya Opala, wanaweza kulileta jambo hili mezani kama swali kwa waziri wa ulinzi. Mashirika ya raia ya Kisangani nayo yanaweza kusaidia askari wastaafu na wajane kuandika barua zao, kwa sababu wengi wao hawajui waanzie wapi.

Kwa askari wenyewe tuna neno moja la mwisho. Ndugu, baba, kaka, na dada zetu mnaovaa nguo hiyo: tunzeni karatasi zenu kama mnavyotunza silaha. Mkivikwa medali, ombeni karatasi kabla ya kutoka uwanjani. Pigeni kopi, moja ibaki kwa mke ao kwa mama, siyo yote ndani ya begi moja. Mkikosa cheo, msinung'unike ndani ya baa wala msitupe silaha. Andikeni, kwa adabu, kwa jina lenu, na ngojeni jibu kwa tarehe.

Na kwa wakubwa wa jeshi: ajida wa Opala atakapogonga mlango wenu na picha yake mkononi, msimwambie tu kwamba dosie haina kitu. Mpeni kiti, andikeni tarehe, na mtafute yule sekretari na mkoba wake.